Hodi ya Shomari

Mwaka ule Tanga nzima ilikuwa ikingoja kitu kimoja, nacho si mvua wala uchaguzi. Ilikuwa ikingoja mchezo. Mchezo wa kwenye kompyuta, ndiyo, usicheke. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wakiamka na kuulizia habari za mchezo kabla hawajapiga mswaki. Uliitwa Mnyato, na ulikuwa ukitengenezwa hapo hapo Chumbageni, katika karakana iitwayo Nyenje, na vijana waliokulia mitaa hiyo hiyo. Ndani yake unakuwa mpelelezi katika mji wa zamani uliotekwa na jeshi la wageni. Huna bunduki wala panga. Una giza, una miguu yako na una masikio. Unanyata nyumba hadi nyumba, unaiba siri, unaokoa mateka, na kadiri unavyocheza ndivyo unavyomjenga mtu wako: awe na huruma au awe katili, awe mkweli au mzandiki, na mji unakukumbuka kwa hayo.

Tena mchezo wenyewe ulikuwa na sikio, na hilo ndilo lililowatia watu wazimu. Kompyuta ilisikiliza chumba ulichokaa. Ukikohoa nyumbani kwako, mlinzi ndani ya mchezo anageuka. Mlango wako ukilia, kule taa zinawashwa. Basi mchezo haujatoka, lakini mafundi wa Ngamiani hawakuwa na nafasi ya kupumua kwa kazi ya kutia bawaba mafuta. Wauza mazulia wakawa wanachekacheka peke yao njiani. Na bwana mmoja wa Barabara ya Kumi na Mbili alimchinja jogoo wake bila mgeni wala sikukuu, kwa kosa la kuwika tu.

Bi Saumu naye alikuwa akiungoja, ila kungoja kwake kulikuwa kwa namna nyingine. Yule mpelelezi wa ndani ya mchezo alikuwa mwanawe.

Shomari alikuwa mtembeaji wa Nyenje. Ndivyo kazi yao ilivyoitwa. Walimvisha fulana nyembamba ya nyuzi zinazohisi, akaishi nayo miaka miwili, kazini na nyumbani, sokoni na misibani, na mashine ikawa inamnywa taratibu: anavyonyanyua mguu, anavyoshusha pumzi, anavyosita penye kona, kinachomtisha na kinachomvuta. Kilichopatikana mwishoni wakakiita kiini. Ukikitia kiini ndani ya mchezo, mtu anayetembea mle si mdoli wa kuvutwa kwa kamba. Wewe mchezaji unamwelekeza, lakini anayekwenda ni yeye, kwa miguu yake na kwa woga wake.

"Subiri utoke, Mama," Shomari alizoea kusema akiwa anakula, mdomo umejaa. "Siku Mnyato ukitoka, nitaingia nyumba zote za dunia hii kwa mpigo mmoja."

"Ukaingie nyumba za watu kutafuta nini, wewe mtoto?" Bi Saumu alimjibu. "Hawajapika huko?"

Hakuiona siku hiyo. Homa ya siku chache tu ilimwondoa, kijana mzima, mchezo ukiwa haujakamilika. Bi Saumu alizika, akakaa eda ya huzuni isiyo na mwisho uliowekwa, na kila alipopita penye kundi la vijana wanaoubishania Mnyato, alijifunika uso kwa ushungi akapita haraka.

*

Walikuja alasiri, wawili.

"Hodi!"

"Karibuni."

Wa kwanza alikuwa Elinami, mkuu wa Nyenje, kijana mrefu wa Kimeru aliyezoea kuinama kila penye mlango. Wa pili Yusta, fundi wa viini, rafiki wa Shomari tangu shuleni, yule yule aliyeshinda jikoni kwa Bi Saumu siku zote za matanga akisugua masufuria ya watu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Kaeni mkekani."

Elinami akaanza kuzunguka kwa maneno. Akasema dunia nzima inawatazama. Akasema watu wa nchi za mbali wanawaandikia kila dakika kuuliza mchezo utatoka lini, na kwamba vijana wamepiga kambi kwenye lango la karakana kama wanaongoja maiti itoke hospitali. Hapo akajing'ata ulimi.

"Sema ulichokijia, mwanangu," Bi Saumu akamwambia. "Unajichosha bure."

Elinami akamtazama Yusta. Yusta akaweka kikombe chini.

"Mama, Shomari anapiga hodi."

Bi Saumu akamgeukia. "Anapiga hodi wapi?"

"Kila mlango. Mchezaji anamfikisha mlangoni, usiku wa giza, walinzi wamejaa kila pembe, anatakiwa ateleze aingie pasipo mtu kujua. Shomari anasimama. Anavua viatu, anavipanga. Halafu anaita, 'Hodiii!' Ile ile yake, Mama, unaijua. Walinzi wanakuja wanamuua."

Mara Bi Saumu akaangua kicheko. Alicheka mpaka khanga ikamporomoka begani, akapiga mkeka kwa kiganja, na Yusta naye akashindwa kujizuia, wakacheka wote wawili huku Elinami hajui atazame wapi.

Aliijua sana hodi hiyo. Shomari alipokuwa mdogo aliwahi kuchomoka mbio akaingia nyumba ya jirani, Bi Tatu, bila kubisha, akamkuta mama wa watu anabadili nguo. Bi Saumu alimshika sikio, akamrudisha nje, akamsimamisha kizingitini. "Piga hodi." Akapiga. "Haijasikika." Akapiga tena, akairefusha mwishoni kwa kilio, mpaka Bi Tatu akaitika kwa kucheka. Tangu hapo hakuacha. Hata nyumbani kwao, mlango anaolala ndani yake, Shomari hakuingia bila kuita "Hodiii," ameirefusha vile vile, na mtaa mzima ukawa unajua sasa Shomari amerudi kazini.

"Mpelelezi gani anabisha hodi?" Elinami akasema, karibu kulia.

"Aliyelelewa," Bi Saumu akajibu, akafuta macho. Lakini alipofuta, yakajaa tena, na kicheko hakikuwamo. "Kwa hiyo bado anaita," akasema polepole. "Huko aliko bado anaita."

"Tumejaribu kila kitu," Yusta akasema. "Tulimfunga mdomo, akagonga mlango. Tukamzuia mikono, akakohoa. Tukamwondolea kikohozi, akawa anasimama tu pale nje hadi mtu atokee. Na nyumba ikiwa tupu, anaita mara tatu, asipoitikiwa anaondoka. Mchezaji abonyeze atakavyobonyeza, miguu inakataa kuingia."

"Si mkate hicho kipande cha hodi mkitupe?"

Yusta akashika ukingo wa mkeka waliokalia. "Kiini hakina kipande cha hodi, Mama. Hebu tazama huu mkeka. Ukichomoa ukili mmoja wa katikati, utabaki mkeka? Hodi yake imeshonwa pamoja na anavyosita, anavyosikiliza, anavyomwogopa mtu asiyemwona. Huo ndio mnyato wake. Tukichomoa hodi, yote yanafumuka. Njia ni moja tu, ajifunze mwenyewe, kwa kuishi. Apige hodi, aone haimfai. Tena na tena, mpaka aache."

"Basi si mnyamaze, aache."

"Tukinyamaza sisi anaondoka. Kwa mgeni anaondoka." Yusta akainamisha kichwa. "Kuna nyumba moja tu ambayo asipoitikiwa hawezi kuondoka."

Bi Saumu alikuwa ameshaelewa kabla ya neno la mwisho. Aliutazama mlango wake mwenyewe, wazi, pazia likipepea.

"Mnataka mimi ndiye nimnyamazie."

Yusta akaitikia kwa kichwa.

"Na nikikataa?"

"Tuna kiini cha akiba, tumekipata nje," Elinami akasema. "Hicho kinaingia popote. Mchezo utatoka nacho. Lakini cha Shomari, Mama... sheria unaijua. Kiini cha marehemu kisichotumika hakiwekwi. Kinafutwa." Akaona uso wa mama, akaharakisha. "Mama, kumbuka ile si roho yake. Ni tabia tu."

"Roho yake mimi sikuilea, mwanangu. Alikuja nayo mwenyewe. Nilichokilea ndiyo hiyo tabia."

Alipowasindikiza nje, Elinami akiwa ametangulia, alimvuta Yusta mkono.

"Niambie kweli. Akishajifunza hilo mnalotaka, atakuwa bado ni yeye?"

"Ningesema ndiyo ungefurahi, Mama. Lakini sijui. Wallahi sijui."

*

Jirani yake, Bi Tatu, hakuona ugumu wowote. Alikuwa mwanamke wa kukata maneno kama anavyokata mchicha.

"Shoga, bora awepo kabadilika kuliko asiwepo kabisa. Wangapi wanaoa wanabadilika, mama zao wanawafuta?"

"Huyo aliyeoa atarudi siku moja akusalimie, Tatu. Huyu mimi ndiye nitakayemfundisha asinisalimie."

"Yeye mwenyewe alitaka nini?"

Swali hilo ndilo lililomkosesha Bi Saumu usingizi. Kwa sababu jibu alilijua. Shomari alitaka kuwamo. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wote, alihesabu, aliota, alikataa kazi bandarini kwa ajili yake. Akiwa na homa kali, maneno yamekwisha kuchanganyika, alikuwa bado anauliza, "Umetoka? Mama, umetoka?" Naye Bi Saumu, ili amtulize, alimwambia, "Bado, baba. Utakuwa wa kwanza kuuona." Sasa amfute kwa ajili ya neno moja la mlangoni? Na je, akiliondoa neno hilo, atakayeingia nyumba zote za dunia atakuwa nani?

Asubuhi alivaa baibui akaenda Nyenje.

Langoni vijana wa kambini walimtambua. Waliinuka wote kutoka kwenye magodoro yao, wakavua kofia. "Shikamoo, Mama Mnyato," wakamwambia kwa pamoja, wengine wanamwangalia kama walioona mtu wa kwenye picha. Msichana mmoja alimshika mkono akambusu. "Tunamngoja kwa hamu, Mama. Tunampenda sana." Bi Saumu akasema ahsante, akaingia, na moyo ukawa mzito zaidi ya alivyokuja nao.

Chumba walichompeleka kilikuwa na mazulia hadi ukutani. Yusta alimvisha miwani mizito na fulana ya nyuzi, pacha ya ile ya marehemu. "Hii itakufanya umhisi akikugusa," akamwambia. "Kazi yako ni kukaa tu, Mama. Usiitike. Usisogee. Nitakuwa nimekushika mkono huku nje."

Kisha dunia ikazimika, ikawaka nyingine, na Bi Saumu akajikuta nyumbani kwake, ameketi kitandani.

Ilikuwa nyumba yake kabisa. Mashine ilikuwa imeikariri kupitia miguu ya Shomari: ngazi iliyomegeka, mtungi, kitanda cha kamba chenye mguu mfupi. Ilikuwa usiku, na koroboi inawaka, kwa kuwa mji wa mchezo ni wa zamani. Nje ya mlango, kandambili zake mwenyewe, moja imeshonwa kwa waya. Atakayeziona atajua mwenyewe yumo.

Hakusikia nyayo. Alichosikia ni wadudu walionyamaza kidogo penye kona ya nyumba, wakaanza tena. Halafu viatu vikavuliwa, kimoja, cha pili, vikapangwa.

"Hodiii!"

Ee Mola. Kuna mambo mtu anadhani ameshayazika. Mdomo wa Bi Saumu ulifunguka wenyewe, neno likafika kwenye meno, na huko nje Yusta akamminya mkono kwa nguvu.

"Hodi, Mama!"

Kimya.

"Mama? Kandambili zipo, mbona kimya? Hodi, nimerudi."

Mbali kukasikika kelele, vishindo vya buti, mbwa. Mwanga wa mienge ukapita dirishani. Shomari hakukimbia. Alikuwa amesimama pale pale, miguu mitupu, akingoja aitikiwe, na walinzi wakamfikia. Alisema "Mama" nusu.

Picha ikarudi mwanzo. Usiku, koroboi, kandambili.

"Hakumbuki, Mama," sauti ya Elinami ikasema sikioni. "Usiumie. Kwake ni mara ya kwanza."

"Hakumbuki," Yusta akasema kwa chini, "ila linabaki kovu. Ndiko kujifunza kwenyewe."

Wadudu wakanyamaza. Viatu vikavuliwa.

"Hodiii!"

Sijui nieleze vipi asubuhi ile. Alikuja na kuja. Mara kadhaa aliuawa mlangoni. Kisha ikatokea akaingia, kwa hofu, anaita kwa sauti, "Mama! Mama, unaumwa?" akapiga magoti, akamshika bega akamtikisa, na fulana ikamletea Bi Saumu kiganja cha mwanawe, joto lake, na kile kidole kilichopinda tangu utotoni. Bi Saumu alikaa kama gogo. Machozi yalimtoka chini ya miwani, yakateremka hadi shingoni. Walinzi waliingia nyuma ya Shomari na taa zao, na yeye alikuwa bado ameinama anamsikiliza mama yake kama anapumua.

Adhuhuri aliomba maji, akatawadha, akaswali kwenye pembe ya chumba. Alipotoa salamu, Elinami alikuwa amekaa kwenye kiti akijishika kichwa.

"Mama, tukitaka tunaweza kuacha," akasema. Na kwa kweli uso wake haukuwa uso wa mtu anayefanya biashara.

"Tukiacha hapa anafutwa na makovu yake," Bi Saumu akasema. "Atakuwa ameteswa bure. Nivishe."

Alasiri hodi ikaanza kufupika. Ile ya kurefusha mwishoni ikakatika, akawa anasema "Hodi" tu kama mtu mwenye haraka. Kisha akaishusha sauti. Kisha ikawa mnong'ono, na walinzi hawakuusikia, na huko nje mafundi wakaanza kuitana. Kisha hakukuwa na neno, kulikuwa na pumzi tu mlangoni, mtu amesimama anatafuta kitu alichokisahau. Bi Saumu aliisikiliza pumzi hiyo. Alitamani aiambie ni neno gani. Lilikuwa neno dogo, alilomfundisha yeye mwenyewe, angeweza kumkumbusha kwa kukohoa tu.

Hakukohoa.

Mara iliyofuata hakuvua viatu, na hapo Bi Saumu akajua kazi imekwisha.

Hakujua mwanawe amekwisha kuingia mpaka mwali wa koroboi ulipoinama. Alikuwa tayari amefika kwenye kabati, amempa mgongo, anavuta droo pasipo kutoa sauti, mwepesi mno, mzuri wa kutazama. Hakuwa ametazama kitandani hata mara moja. Mtu aliyeketi pale alikuwa mtu wa kupitwa tu.

"Tayari," Elinami akanong'ona sikioni. "Mama, umeweza. Tunazima."

"Ngoja," Bi Saumu akasema.

Wakangoja.

"Karibu, baba," akamwambia Shomari. "Karibu, mwanangu. Umerudi?"

Shomari aliganda. Akageuza uso. Ulikuwa uso wake, kovu la tetekuwanga juu ya nyusi, ndevu ambazo hazijakubali kujaa. Macho yalimtazama mama, yakapima umbali kutoka kitandani hadi mlangoni, yakapima dirisha. Miaka yote ya kumlea Bi Saumu hakuwahi kutazamwa hivyo. Ndivyo mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Shomari, ni mimi."

Akaruka dirishani. Hapakusikika hata jani. Wadudu wa gizani walinyamaza penye kona, kisha wakaendelea.

Bi Saumu alipovuliwa miwani, chumba kilikuwa kimejaa makofi. Vijana walikuwa wakikumbatiana, wengine wanalia kwa furaha, miaka yao yote ya kazi imepata mguu wa kusimamia. "Mmeona?" mmoja alikuwa akipiga kelele. "Hata kwa sauti ya mama yake! Hata kwa sauti ya mama yake ametoweka!" Elinami alimwendea kumshukuru, akaona uso wake, akasimama njiani na mikono yake mirefu ikining'inia. Yusta alikuwa bado amemshika mkono. Yeye hakupiga makofi.

*

Mnyato ukatoka Ijumaa, baada ya swala.

Tanga ikanyamaza. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo. Barabara zilikuwa tupu mchana kweupe. Maduka yaliwekwa mapazia mazito, bodaboda zikasukumwa kwa mikono, kina mama wakaacha kutwanga, watoto wachanga wakapelekwa kwa bibi zao mashambani. Kwenye kila nyumba watu walikuwa wameketi juu ya mazulia, wamebana pumzi, na mle ndani ya vioo mtu mmoja alikuwa akiteleza kuta hadi kuta. Habari zikaja kwamba hata nchi za mbali ni hivyo hivyo. Wote walikuwa wakisema jambo moja: haijawahi kuonekana mtu wa mchezo anayenyata kama huyu. Humsikii anapoingia.

Bi Saumu alikuwa amekaa peke yake barazani kwa ndani, hajafungua chochote. Yusta alikuwa amemletea mchezo, ameufunga kwa kitambaa cheupe, naye Bi Saumu ameuweka kabatini chini ya nguo za marehemu. Alitazama ukuta. Aliwaza kwamba mwanawe sasa yumo katika nyumba zote za dunia, kama alivyotaka, na kwamba katika nyumba zote hizo hakuna aliyemwambia karibu.

Mara akahisi mtu yuko nyuma yake. Akashtuka hadi akapiga uyowe mdogo.

Ni Bi Tatu, na sahani ya mkate wa kumimina, amevaa soksi.

"Taratibu, shoga," Bi Tatu akanong'ona. "Wajukuu wangu wanacheza hapo ukutani."

"Umeingia saa ngapi? Mbona hukupiga hodi?"

"Nipige hodi vipi na mji wote umenyamaza? Watoto wamenikataza. Wanasema ukiita tu, wale walinzi wanaamka."

Miaka yote ya ujirani wao, na misiba yote, na ugomvi mmoja mkubwa wa kuku, Bi Tatu hakuwahi kuvuka kizingiti kile bila kuita. Bi Saumu alimtazama na sahani yake.

"Toka," akasema.

"Ati nini?"

"Toka nje, Tatu. Rudi nje upige hodi."

"Mama Shomari, umeingiwa na nini leo?"

"Nakuomba. Nakuomba, ndugu yangu. Toka upige hodi."

Bi Tatu akafungua kinywa, akamwona mwenzake alivyo, akakifunga. Akarudi nje na mkate wake. Akasimama kizingitini kama alivyowahi kusimamishwa mtoto mmoja, zamani, sikio limewiva.

"Hodi," akaita kwa chini.

Bi Saumu alitaka kuitika. Neno halikuja. Ulimi ukalala, mikono ikatulia juu ya magoti yenyewe kama ilivyofunzwa, akabaki ameketi kama gogo. Alijisikia mwenyewe anavyonyamaza. Akaelewa kwamba siku ile hakufundishwa Shomari peke yake.

"Hodi, Mama Shomari."

Kimya.

Pazia likapepea. Nje Bi Tatu akahamisha sahani mkono. Sauti yake ya tatu ilikuwa na wasiwasi, na bila kujua akairefusha mwishoni, kama walivyokuwa wakifanya mtaa mzima kumtania kijana wao.

"Hodiii! Jamani, ndani?"

"Karibu!" Bi Saumu akapiga ukelele. "Karibu! Karibu, ingia, karibu!"

Aliita kwa nguvu zote alizokuwa nazo, nguvu za asubuhi nzima na alasiri nzima za Nyenje, na sauti ikatoka nje ya nyumba, ikapita ukuta wa Bi Tatu na ukuta uliofuata, katika mji uliokuwa kimya kuliko makaburini. Mara mtaa wote ukalipuka kwa makelele. "Nani huyo?" "Nani kapiga kelele?" "Ameshtuka! Ameshtuka, anakimbia!"

Bi Saumu akawasikiliza. Katika kila nyumba ya mtaa ule mwanawe alikuwa ameisikia sauti yake, na katika kila nyumba alikuwa akiikimbia.

Bi Tatu akaingia, akaweka mkate chini, akamkumbatia.